Barzakhi sio steji ya kubadilisha matatu

Jumamosi nilikuwa saluni hapa Eastleigh nasukwa, dada wa kiti cha pili akatoa simu atuonyeshe mtoto wa kaka yake, kasichana ka miezi minne hivi, mashavu kama mandazi. "Huyu ni shosho wetu," akasema. "Amerudi. Alikuwa barzakhi miaka tatu tu." Saluni nzima woiye, woiye. Mimi nikanyamaza, kichwa changu kilikuwa kimeshikwa na watu wawili na ukiwa umevutwa nywele hivyo huna nguvu ya kubishana na mtu. Lakini hiyo ilikuwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Ya kwanza ilikuwa klipu ya TikTok, jamaa ana shanga shingoni anaeleza ati barzakhi na bardo ya Wabuddha wa Tibet ni neno moja lililopotezana njiani, ya pili ni mwenzangu kazini aliyeanza yoga juzi juzi na sasa ni mtaalamu wa roho zote. Kwa hivyo nywele zimeisha, nimefika nyumbani, wacha niandike.

Maana kwanza, haraka. Barzakhi, kwa imani ya Kiislamu, ni ile hali roho inakaa ndani yake tangu mtu afe mpaka siku ya kufufuliwa. Ndio hiyo tu. Wengine huita maisha ya kaburini, na hapo ndipo zile habari za Munkar na Nakiri, malaika wawili wanaomhoji maiti, na maswali yao zinaingia. Ukishaelewa hivyo unaweza kwenda zako, mimi nabaki na neno lenyewe kwa sababu hapo ndipo moyo wangu unaumia.

Kwenye Qurani neno barzakh limekuja mara tatu, na mara mbili kati ya hizo halihusu wafu hata kidogo, linahusu maji. Suratul Furqan aya ya 53 na Suratur Rahman aya ya 20, bahari mbili zinakutana, na kati yao kuna barzakh, hazivukiani. Sasa hiyo ya tatu, Suratul Muuminun, aya ya 99 na 100, isome polepole. Mtu amefikiwa na mauti, anaomba arudishwe, Mola wangu nirudishe nikafanye mema niliyoyaacha. Jibu ni kalla. Hapana, hayo ni maneno tu anayasema, na nyuma yao kuna barzakh mpaka siku watakapofufuliwa. Umeona neno limetokea wapi? Limetokea mahali mtu ameomba kurudi akanyimwa. Ni ukuta. Kwa Kiswahili tungesema tu kizuizi, pazia kama unataka kulainisha kidogo. Halafu wewe unachukua neno la ukuta, unalitumia kusema shosho alipita hapo akarudi Nairobi!

Mwalimu wetu wa madrasa alikuwa akifika hapo anagonga ubao na chaki, anatuambia hilo neno hata Waarabu wenyewe wamelipokea tu, kwa sababu maneno mengi ya Kiarabu yana mzizi wa herufi tatu na hili lina nne, ba, ra, za, kha. Inasemekana lilitoka Uajemi. Sisi tulikuwa na miaka kumi, tulichotaka ni kujua kama Munkar ana meno.

Bardo sasa. Hilo ni la Tibet, halina undugu wowote na barzakhi, zimefanana mwanzo tu kama vile "bara" na "baraza" zimefanana. Bar kwa Kitibeti ni katikati, na bardo ndilo neno walilotumia kutafsiri antarabhava ya Kisanskriti, yaani kuwepo kwa kati. Kwao ni njia ya kupita. Mtu amekufa, hajazaliwa tena, yuko hapo katikati, na inahesabiwa mpaka siku 49, wiki saba, akifika mwisho lazima awe ameshapata mimba ya kuingia kama hakupata ukombozi kabla. Tena Watibeti hawana bardo moja, wanahesabu kadhaa, hata haya maisha unayoishi sasa hivi ukisoma hii ni bardo mojawapo, ndoto nayo ni bardo. Hiyo yule jamaa wa shanga hakuisema. Na kitu kingine hakusema, Wabuddha hawafundishi kwamba kuna roho ya kudumu inayobeba mzigo kutoka mwili huu kwenda ule. Kinachoendelea ni mfululizo, kama moto unavyowasha mshumaa mwingine. Kwa hivyo hata ukisema "roho iko bardo" umeshakosea kidogo kwa wenyewe.

Na usidhani Wabuddha wote wanakubaliana. Wale wa Theravada, wa Sri Lanka na Thailand huko, vitabu vyao vya kale vinakataa kabisa habari ya kipindi cha kati, wanasema fikra ya mwisho ikizima ya kwanza ya maisha mapya inawaka hapo hapo. Wadruzi wa Lebanoni na Syria pia, hawa ni Waarabu wenye dini yao ndogo, kwao mtu akifa roho inaingia kwa mtoto anayezaliwa saa hiyo hiyo, bila kungoja. Wanaiita taqammus, kutoka kwa qamis, shati, yaani umevua moja umevaa nyingine. Nalipenda sana hilo neno. Na Kiarabu kina lingine la jumla la roho kuhamia mwili mwingine, tanasukh, mzizi wake ndio uliotupa sisi nuskha, nakala. Kwa hivyo hata kama ulitaka neno la Kiarabu kwa lazima, yalikuwepo mawili, na wewe ukaokota lile la kizuizi.

Naelewa lakini kwa nini watu wanaliokota. Kiswahili hakijatupa neno zuri. Jaribu kusema "kuzaliwa upya" hapa Nairobi uone, kila mtu atajua umeokoka, atakuuliza unasali kanisa gani. "Kuzaliwa mara ya pili" ndio mbaya zaidi. Kuzimu nako ukikutaja watu wanakemea, wakati kuzimu asili yake ni kwa mizimu tu, hawa ndio aimu wa Wakamba, haikuwa mahali pa moto. Toharani ni ya Wakatoliki na nayo hairudishi mtu duniani, inamsafisha aende mbele. Basi mtu anajikuta hana neno, anasikia barzakhi, linasikika zito, lina kh mwishoni, analibeba.

Na kuna mahali nakubali zinafanana, sitaki kuonekana mkaidi. Waislamu wengi wa huku wakimaliza kuzika anasomewa maiti talkini, anaambiwa kwa jina lake ukiulizwa Mola wako ni nani sema hivi. Watibeti nao wana maandishi wanamsomea aliyekufa, wanamwelekeza, usiogope huo mwanga, usikimbilie ule. Watu wawili wa mbali namna hiyo wote wameona aliyekufa bado anahitaji kuongeleshwa. Hilo linanigusa. Lakini mmoja anaelekezwa majibu ya mtihani na mwingine anaelekezwa njia.

Turudi kwa shosho, kwa sababu ile habari ya saluni wala haikuwa ya Tibet wala ya Makka. Ilikuwa ya Kikuyu. Binti wa kwanza anapewa jina la mama ya baba, na baba mtu anaweza kumwita mtoto wake maitu, mama, bila kucheka. John Mbiti, mwana wa Kitui aliyekuwa msomi wa dini za Kiafrika, aliandika kwenye kitabu chake cha 1969 kwamba mtu aliyekufa bado yuko ndani ya sasa maadamu wapo waliomjua na wanamtaja kwa jina, wakiisha hao ndio anazama kwenye zamani. Alitumia maneno hayo hayo, sasa na zamani, ndani ya kitabu cha Kiingereza, kwa sababu Kiingereza kilimshinda hapo. Mtu wa namna hiyo hajaenda mahali akasubiri. Bado anaitwa mezani.

Kwa hivyo dada yangu wa kiti cha pili, kama utakuja kusoma hii, hakuna aliyekukasirikia na mtoto ni mzuri mashallah. Ukiongea ya Watibeti sema bardo, wala halihitaji tafsiri. Ukitaka Kiswahili sema kipindi cha kati, watu watakuelewa. Na huyo mdogo mwambie tu watu amechukua jina la shosho, maana hivyo ndivyo kaka yako mwenyewe alivyosema siku ya kumpa jina, si wewe ndio ulituambia?