Si kila utafiti ni dodoso: dhana potofu na ukweli

Dhana: kufanya utafiti ni kugawa dodoso

Hii ndiyo yenye mizizi mirefu kuliko zote. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hajalijua vyema swali lake, lakini dodoso la maswali thelathini keshalichapisha na namba 384, idadi ya watu atakaowahoji, keshaiandika katika sura ya tatu. Namba hiyo ni jibu la hesabu moja tu: uhakika wa asilimia 95, kiwango cha jambo linalopimwa kinachokisiwa kuwa asilimia 50, na kosa linalovumilika la asilimia 5. Tena inachukulia kwamba watu wamechaguliwa mmoja mmoja kwa bahati nasibu, kutoka katika orodha kubwa yenye majina ya wote.

Ukichagua kwanza shehia nane (shehia ni eneo dogo la utawala Zanzibar), kisha nyumba ndani ya kila shehia, mambo hubadilika. Majirani hufanana: maji yao ya bomba moja, watoto wao wa skuli moja, duka lao moja. Watu 50 wa shehia moja hawakupi habari za watu 50 waliotawanyika kisiwa kizima. Kwa hiyo idadi huzidishwa, mara nyingi kwa 2 pale ambapo hakuna takwimu za awali, na 384 inakuwa 768. Anayelisahau hili hupata majibu yanayoonekana ya uhakika kuliko yalivyo.

Na anayetaka kujua kwa nini mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani ameacha kulima hana haja na namba hiyo hata kidogo. Atakaa na wakulima 15 au 20, kwa mahojiano marefu, mpaka aone anayefuata haongezi jambo jipya. Kisha asije akaandika kwamba "asilimia 35 walisema bei ni ndogo". Asilimia 35 ya watu 20 ni watu saba, na ni heshima zaidi kuandika saba.

Yako maswali ambayo dodoso huyaharibu kabisa. Mpe mzee wa Makunduchi karatasi ya sentensi za Kiswahili sanifu umwombe azitamke kikwao, na utarudishiwa muundo wa sanifu uliovishwa sauti ya Kimakunduchi. Mchunguzi wa lahaja hurekodi watu wakizungumza wao kwa wao, juu ya uvuvi, harusi au sherehe ya Mwaka Kogwa, kisha huyaandika mazungumzo neno kwa neno. Saa moja ya sauti hula saa nne hadi nane za kuandika, kabla hata sarufi haijaguswa. Wanaodhani utafiti wa lugha ni kazi nyepesi hawajawahi kuufanya.

Dhana: sayansi hufanyika ndani ya maabara

Sehemu yake tu. Mbung'o aina ya Glossina austeni, aliyekuwa akieneza ugonjwa wa nagana kwa ng'ombe wa Unguja, aliondolewa kwa kazi iliyofanyika porini na angani. Kwanza walipunguzwa kwa dawa iliyopakwa ng'ombe. Kisha kuanzia 1994 madume waliofugwa Tanga na kupigwa mionzi ili wasizalishe wakaachiwa kutoka kwenye ndege, mamilioni kwa mamilioni. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja, na huzaa buu mmoja kwa wakati. Akikutana na dume asiyezalisha, basi. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa 1996, na 1997 kisiwa kikatangazwa hakina tena mdudu huyo. Bahari ilisaidia: hakukuwa na wengine wa kuruka kutoka jirani.

Hata kipimo cha maabara huanzia nje. Mayai ya kichocho huhesabiwa kwa kuchuja mililita 10 za mkojo na kutazama kichujio kwa hadubini. Mayai 50 au zaidi huitwa maambukizi mazito. Lakini mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Ukikusanya chupa saa moja asubuhi, kwa kuwa ndipo skuli inapoanza, baadhi ya watoto wagonjwa watasomeka wazima, na hakuna hadubini itakayolirekebisha kosa hilo.

Dhana: historia haina vipimo, ni kusoma tu

Katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani pana maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa hati za Kiarabu, ya mwezi wa Mfunguo Pili, mwaka 500 Hijria. Mtu akijumlisha 622, mwaka wa Miladia ambao Hijria ilianzia, anapata 1122, na amekosea miaka 15. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo tofauti ya miaka haibaki 622 daima; tarehe sahihi ni 1107. Kadiri miaka inavyosogea kosa hukua: mwaka 1300 ulianza Novemba 1882, si 1922. Anayesoma hati za wakfu katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani bila jedwali la kubadilishia atamfanya mjukuu ashuhudie mkataba wa babu yake. Isitoshe, tarehe ya maandishi si lazima iwe ya ukuta: msikiti wenyewe ulijengwa upya kwa sehemu kubwa katika karne ya 18.

Wachimbaji wa mambo ya kale nao hupima. Katika mji wa kale kama Unguja Ukuu, udongo hupimwa kwa lita, hukorogwa majini, na mkaa unaoelea hukingwa kwa wavu mwembamba. Kinachotafutwa ni punje zilizoungua. Punje ya mpunga ni zao la msimu mmoja, basi kupima kaboni iliyomo hutoa umri wa karibu na moto wenyewe. Mkaa wa gogo kubwa unaweza kuzeesha tabaka kwa miongo kadhaa, maana moyo wa mti ni mkongwe kuliko shoka lililoukata. Kombe la baharini ni baya zaidi: bila masahihisho husomeka kuukuu kwa takriban miaka 400.

Dhana: kibali cha Bara kinatosha

Hakitoshi. Zanzibar ina kibali chake, na utafiti unaogusa damu, mkojo au taarifa za wagonjwa hupita pia kamati ya maadili ya afya. Baada ya hapo ni wilaya, kisha sheha, kiongozi wa shehia. Anayemruka sheha hufungiwa milango, na ni haki yake.

Dhana: matokeo yasiyotarajiwa ni utafiti ulioharibika

Hapa Pemba ina mfano unaojulikana duniani. Watoto 24,076 wa umri wa mwezi 1 hadi 35 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa madini ya chuma na foliki asidi, wengine hayo pamoja na zinki, wengine kidonge kisicho na dawa. Ilitegemewa kwamba chuma kingewalinda. Badala yake, waliokipata walikuwa na hatari ya kufa au kulazwa kwa ugonjwa mkali iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 12, na Agosti 2003 makundi hayo mawili yakasimamishwa. Ripoti ilitoka 2006, na Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake kwa maeneo yenye malaria nyingi. Kundi dogo lililopimwa damu lilionesha jambo jingine: watoto waliokuwa kweli na upungufu wa chuma na anemia walinufaika. Tatizo lilikuwa kumpa kila mtoto bila kumpima.