Waliochonga shanga Kisese na majirani wa spishi nyingine

Wageni wakishaitazama michoro ya miambani pale Kolo, wilayani Kondoa, huuliza kama waliochora walikuwa watu kamili au "wale wa kabla yetu". Walikuwa watu kamili. Hata katika pango la Kisese, Kondoa hiyohiyo, zimefukuliwa shanga za maganda ya mayai ya mbuni, nyingine zikiwa na umri wa zaidi ya miaka 40,000. Kipande cha ganda kilitobolewa katikati, kisha kingo zikasuguliwa taratibu hadi kikawa cha mviringo. Mwenye haraka haiwezi kazi hiyo.

Enzi hizo Waneandathali, binadamu wa spishi nyingine, walikuwa bado hai Ulaya. Watu wa Kisese hawakukutana nao. Waliokutana nao ni wenzao waliokuwa wametoka Afrika, na wakazaa nao. Mwaka 2010 timu ya Svante Pääbo, mtaalamu wa vinasaba vya kale aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2022, ilionyesha kuwa watu wenye asili ya nje ya Afrika wamerithi sehemu ya vinasaba vya Waneandathali. Leo inakadiriwa kuwa asilimia 1 hadi 2. Sisi Waafrika tunavyo pia, ila kidogo zaidi, kwani baadhi ya wazao wa mchanganyiko huo walirejea huku.

Ushahidi unaonivutia kuliko wote ni kipande cha mfupa kisichofika sentimita 3, kutoka pango la Denisova huko Siberia. Ni cha msichana ambaye mama yake alikuwa Mneandathali na baba yake Mdenisova, kundi jingine tena la binadamu wa kale. Kama mimba hiyo ilitokana na mapenzi au utekaji, mfupa hausemi.

Ujirani wa namna hii ulianza zamani zaidi, tena hapahapa Tanzania. Mwaka 1959 Mary Leakey alipata fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa ukoo wa binadamu aliyekwisha kutoweka, katika bonde la Olduvai. Mwaka uliofuata yakaanza kupatikana mabaki ya Homo habilis, spishi ya kale iliyo karibu zaidi nasi. Wote waliishi hapo takriban miaka milioni 1.8 iliyopita. Kwa hiyo ile picha ya vitabuni, nyani nyuma na mtu mbele wakifuatana kwa foleni, inapotosha. Zinjanthropus alikuwa na magego mapana na taya nene za kutafuna mimea. Habilis alikuwa na meno madogo na ubongo mkubwa zaidi. Nadhani hawakugombea chakula kilekile, ndiyo maana wakaweza kukaa bonde moja.