Baba Si Mtu wa Ada Tu

Mwaka juzi alikuja ofisini kwetu, ustawi wa jamii, baba mmoja, dereva wa malori ya masafa, yale yanayotoa mzigo Dar es Salaam kuupeleka Tunduma na kuvuka mpaka. Alikuja na bahasha ya kaki. Kabla hajakaa vizuri akaimwaga mezani kwangu: stakabadhi za ada za miaka minne, risiti ya godoro, za sare, za madaftari, hata ya raba ambazo bila shaka zilishachanika zamani. Mama wa mtoto alikuwa ameleta habari kwamba mtoto hataki kwenda kwa baba yake wakati wa likizo. Baba akadhani ameshtakiwa kwa kutotoa matunzo. Mtoto mwenyewe, wa kiume, miaka tisa, alikaa mwisho wa benchi akipandisha na kushusha zipu ya sweta lake. Nilipomuuliza baba yake ni mtu wa namna gani, alifikiri kidogo, akasema, "Baba ni mtu wa ada."

Hakusema kwa hasira. Alijibu kama anayetaja kazi ya mtu: huyu fundi, huyu mwalimu, huyu mtu wa ada. Baba akaanza kukusanya risiti zake moja moja, akazirudisha kwenye bahasha bila kuinua macho.

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii Nyanda za Juu Kusini kwa miaka mingi, Iringa kwanza na sasa Mbeya, na mara kwa mara naulizwa kwa nini wanaume wa huku hawapendi watoto wao. Swali lenyewe limekaa upande. Mtu asiyempenda mtoto hatunzi risiti ya raba miaka mitatu ndani ya kabati la lori. Wanawapenda, ila upendo wao umepitia mfukoni tu, na mtoto mdogo hajui kusoma risiti. Yeye anasoma mikono, sauti na nani yupo anapoamka usiku.

Huwa naambiwa, "Afisa, hiyo ni mila yetu, baba hakai na watoto." Kwa sehemu ni kweli. Kwa Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela, mvulana akifika miaka kumi hivi alitoka nyumbani, akajenga kibanda na wenzake wa rika moja, na kikaanza kijiji chao wenyewe. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa miaka ya 1930, waliandika habari hizo kwa kirefu. Lakini wanaoitaja mila hiyo leo wanasahau nusu yake. Wale wavulana waliendelea kula kwa mama zao, kuchunga ng'ombe wa baba zao na kulima mashamba ya baba zao, na rika likishakomaa palikuwa na sherehe ya wazee kuwakabidhi vijana nchi. Mtoto alilala mbali, lakini kila kukicha alikuwa na jambo la kufanya na baba yake. Sasa ng'ombe hawapo, shamba limegawanywa au limeuzwa, mtoto anashinda shuleni na baba anashinda sokoni Mwanjelwa. Katika mila yote ile tumebakiza kulala mbali tu.

Kuna sababu nyingine ambayo huku tunaisema kwa sauti ya chini. Ukimwi uliipiga mikoa hii kuliko sehemu nyingi za nchi, na bado haujatuacha: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima Njombe ni asilimia 12.7, juu kuliko mkoa wowote, na Iringa asilimia 11.1. Kabla dawa hazijasambaa, Makete, wilaya ya huko Njombe, ilijulikana nchi nzima kwa wingi wa yatima. Watoto wale hawakubaki watoto. Leo ni wanaume wa miaka thelathini na kitu, arobaini na kitu, nao wana watoto. Ukimwambia mwanamume wa namna hiyo amlee mwanawe kama yeye alivyolelewa na baba yake, anatafuta kichwani hakuti kitu. Baba anayemkumbuka ni mgonjwa kitandani, au picha, au hata picha hakuna. Mmoja aliniambia yeye alijifunza kufunga nepi kwa kumtazama bibi akimfunga mdogo wake, na nikiri kwamba anafunga vizuri kuliko wengi waliolelewa na baba zao.

Huyo ananipa jibu la swali ambalo akina baba huniuliza wakiwa peke yao, baada ya mkutano, wakijifanya wanaulizia mambo mengine: kama sikupendwa na baba, nitaweza? Utaweza, na sehemu ya jibu iko mwilini mwako.

Mwaka 2009 Martin Muller na wenzake walichapisha matokeo ya vipimo vya testosteroni, homoni ya kiume, vilivyofanywa kwa wanaume wa jamii mbili zinazoishi jirani huku Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi. Wahadzabe ni watu ambao baba hubeba mtoto, humbembeleza, hulala karibu naye. Kwa Wadatoga, ambao ni wafugaji, kumhudumia mtoto mchanga ni kazi ya wanawake. Kwa Wahadzabe, wenye watoto walikuwa na testosteroni kidogo kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga, tofauti hiyo haikuonekana. Miaka miwili baadaye Lee Gettler na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanaume zaidi ya 600 wa Cebu, Ufilipino: homoni hiyo ilishuka mtu alipopata mtoto, na waliokuwa wakimhudumia mtoto saa tatu au zaidi kwa siku walikuwa nayo chini kuliko wale wasiojihusisha kabisa.

Nikifika hapo kwenye mikutano ya kijiji wanaume huguna, na yupo lazima wa kuuliza kama basi tunaambiwa tupoteze nguvu. Hapana. Wahadzabe wanawinda na wanazaa kama kawaida. Inadhaniwa kwamba mwili unatulia tu, mtu anapata subira ya kukaa na kiumbe kinacholia bila sababu inayoeleweka. Ninachotaka ukishike ni kwamba kuzaa peke yake hakutoshi kuleta hali hiyo kwa ukamilifu wake. Mikono nayo ina kazi. Wengi wanangoja mapenzi yaje ndipo wambebe mtoto. Wangembeba kwanza.

Kuna kipimo kidogo ninachowapa wazazi kliniki. Mtoto mchanga huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, basi. Ukimpakata mkononi, uso wako uko palepale. Ukisimama mlangoni na jaketi lako ukauliza, "Mtoto hajambo?" kisha ukaondoka, wewe kwake ni kivuli chenye sauti.

Niliwahi kuliona hili kwa macho katika wodi ya watoto njiti, mwezi wa saba, baridi ya kukata masikio. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, mama alikuwa bado amelala baada ya upasuaji. Baba alikuwa mpasuaji mbao kutoka upande wa Mafinga, mikono imepasuka, imeshika utomvu mweusi usiotoka kwa sabuni. Nesi akamwambia, "Baba, vua sweta na shati."

"Vyote, sista?"

"Vyote. Mtoto anataka joto."

Akavua, akatazama viganja vyake. "Sista, mikono hii itamkwaruza."

"Mikono iache. Sisi tunataka kifua."

Mtoto akawekwa kifuani, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, miguu imekunjwa kama ya chura, kisha akafungwa kwa kitenge kumzunguka baba na blanketi juu. Ndiyo huduma ya kangaruu. Ilianza Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, mashine za joto zilipokuwa haziwatoshi watoto, na baadaye ikathibitika kwamba inaokoa maisha ya wengi wao. Watu wameizoea kama kazi ya mama, lakini kifua cha baba kina joto lilelile. Yule bwana dakika za mwanzo alikaa kama mtu aliyepakata trei ya mayai kwenye basi. Sijui ilipita nusu saa au zaidi. Nilipopita tena alinifanyia ishara kwa macho, bila kutikisa kichwa: funga dirisha.

Sasa niseme la chakula, maana upendo usiofika sahanini una walakini. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Iringa ilikuwa asilimia 57. Njombe na Rukwa, nusu ya watoto. Hii ndiyo mikoa inayolisha wengine mahindi na viazi! Sababu ni nyingi, na sitawatwika akina baba zote: uji mwepesi usio na kitu, magonjwa ya kuhara, mama kushinda shamba na mtoto kubaki na dada yake wa miaka saba. Lakini nani anaamua kwamba trei ya mayai yote iende mnadani? Nani anahesabu matenga ya parachichi hadi la mwisho, mtoto wa mwaka mmoja na nusu akila ugali na maji ya mboga? Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, ukifika, nyumba nyingine hela ya maziwa ndiyo inayokwenda kilabuni, sote tunajua. Baba mwenye kuku kumi anaweza kuamua leo kwamba yai la huyu mdogo haliuzwi. Hilo mtoto hatalikumbuka, lakini mifupa yake itakuwa imelihesabu.

Kuhusu fimbo nitasema machache. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu watatu kati ya kila vijana wanne, wasichana kwa wavulana, walikuwa wamepata kipigo au ukatili mwingine wa mwili kabla ya miaka 18. Akina baba wengi wa huku hupewa kazi moja tu ya malezi, ile ya kutishia: "Ngoja baba yako arudi." Akina mama, naomba mwache. Mnamfanya mtu arudi nyumbani akiwa askari wakati pengine alikuwa anakuja na andazi.

Na sheria? Wengi wanaijua kwa vipande. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi atoe matunzo, lakini inatambua pia haki ya mtoto kuishi na wazazi wake, na mzazi asiyekaa na mtoto anaweza kuiomba mahakama apangiwe utaratibu wa kumwona. Kwa hiyo baba anayezuiwa kumwona mwanawe asisubiri ugomvi wa mlangoni. Aje ustawi wa jamii tuanze na mazungumzo. Lingine ni hili la "akifika miaka saba ni wangu". Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema tu kwamba mtoto wa chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa ni heri akae na mama, isipothibitika vinginevyo. Haisemi kwamba siku ya kutimiza miaka saba anahamishwa kama mzigo uliofika stendi. Mahakama huangalia maslahi ya mtoto.

Kwa walioajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba likizo ya malipo isiyopungua siku tatu, ilimradi aichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Ni chache, nakubali. Ni chache zaidi kama zote zinaishia kwenye kupokea pongezi za marafiki. Mtumie hizo siku kuogesha, kubeba, kwenda kuandikisha cheti. Mbeya ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyotangulia, mwaka 2013, katika mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, wa kuwasajili bila malipo watoto wa chini ya miaka mitano vituoni na kwenye ofisi za kata, hivyo kisingizio cha safari ndefu kimepungua. Na ukiona mtoto yeyote anaumizwa, awe wako au wa jirani, simu ya 116 haina gharama.

Turudi kwa dereva. Hatukumpa mahubiri. Tulikubaliana jambo moja dogo: kila siku saa moja na nusu usiku, popote lori lilipo, apige simu ya mama, aongee na mtoto, na asiulize habari za shule. Wiki ya kwanza majibu yalikuwa "poa" na "ndiyo". Baba akanipigia kulalamika kwamba anamaliza vocha bure. Nikamwambia amweleze mtoto alichokiona njiani, si lazima aulize kila saa. Akaanza kumsimulia nyani wa Mikumi na lori lililokwama mlima Kitonga. Wiki ya tatu mtoto akamwambia, bila kuulizwa, kwamba kuku ameangua, vifaranga saba, kimoja mguu mbaya. Likizo ya mwezi wa sita alikubali kwenda kwa baba wiki moja.

Baada ya hapo nilisahau faili lile, mpaka usiku mmoja simu yangu ikaita. Alikuwa kwenye foleni ya malori Tunduma.

"Afisa, samahani kwa saa hizi. Mtoto ameniuliza kwa nini ukiwa kwenye gari mwezi unakufuata. Nimjibu nini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba hata mimi kuueleza vizuri siwezi, labda amwambie akamuulize mwalimu wake wa sayansi.

"Hapana," akasema, "mwalimu hapana. Nimeulizwa mimi." Akakata simu.