Ripoti ya kisiasa ya kikoloni: karatasi iliyoamua ugomvi wa masheikh wa Ghuba

Ripoti ya kisiasa, kwa maana iliyotumika katika ofisi za Waingereza kwenye Ghuba, ni maandishi ya afisa aliyekaa jirani na mtawala wa Kiarabu kwenda kwa mkubwa wake, ili mkubwa huyo ajue la kufanya. Bunduki na majahazi vilihesabiwa humo, lakini haikuwa ripoti ya kijeshi. Ilichotafuta ni jibu la maswali machache: nani anagombana na nani, nani ana haki, nani atatii akiambiwa, na Uingereza itapata hasara gani ikikaa kimya. Anayeisoma leo kama gazeti la zamani ataipotosha, kwa sababu kila sentensi yake iliandikwa ikielekea kwenye pendekezo.

Msomaji wa pwani yetu anaijua kazi hii hata kama hajaisikia kwa jina hilo. Mabalozi wa Uingereza waliokaa Unguja katika karne ya 19 walikuwa pia mawakala wa kisiasa, na taarifa zao zilipelekwa Bombay. Seyyid Majid na ndugu yake Thuwaini wa Muscat walipogombea urithi wa baba yao, ni taarifa za namna hii zilizotangulia uamuzi wa 1861 wa Lord Canning, gavana mkuu wa Uingereza nchini India, uliozitenganisha Unguja na Muscat na kumtaka Majid alipe riale 40,000 kwa mwaka. Kule Ghuba mtindo huo uliendelea hadi katikati ya karne ya 20, na miaka ya Vita vya Pili vya Dunia ndiyo inayoonyesha vizuri ulivyofanya kazi.

Kwanza, ngazi zake. Juu ya Ghuba yote alikaa Mkazi wa Kisiasa, makao yake yakiwa Bushehr, upande wa Uajemi, hadi 1946 alipohamia Bahrain. Chini yake walikuwapo Mawakala wa Kisiasa wa Bahrain, Kuwait na Muscat. Wakala wa Bahrain aliangalia pia Qatar na Pwani ya Mapatano, yaani nchi zilizokuja kuwa Falme za Kiarabu. Huko pwani, kwa muda mrefu, macho ya Waingereza hayakuwa ya Mwingereza. Yalikuwa ya Wakala wa Ukazi aliyekaa Sharjah, mtu wa kanda hiyohiyo anayejua Kiarabu na biashara. Ukoo wa Serkal ulishika nafasi hiyo kizazi baada ya kizazi, na Isa bin Abdullatif aliishika hadi 1935. Baadaye akaja Abdul Razzaq, aliyefanya kazi hiyo katika miaka ya vita.

Basi taarifa iliyozaliwa barazani Dubai ilipita kwa mtoa habari, ikaenda Sharjah kwa Wakala wa Ukazi, ikavuka hadi Bahrain, ikaenda Bushehr, kisha ikagawanyika: nakala kwa Serikali ya India, nakala kwa Ofisi ya India, yaani wizara iliyosimamia India kutoka London. Kila kituo kiliongeza maoni na kupunguza maelezo. Ilipofika London, uvumi ulioanza na "watu wanasema" ulikuwa umekwisha kuwa "inaaminika", na hapo juu hakuna aliyejua tena nani hasa anaamini.

Aina za karatasi nazo zilitofautiana, na tofauti hiyo ina maana. Telegramu ililipiwa kwa neno, mara nyingi ikatumwa kwa msimbo, kwa hiyo ni fupi na haina sababu ndani yake. Barua ya haraka ilipelekwa kwa posta, lakini fomu yake ilikuwa na maelezo ya chapa kwamba mpokeaji aishughulikie kama telegramu. Waliitumia ili kuokoa gharama za waya. Barua ya nusu rasmi iliandikwa mtu kwa mtu, yenye "mpendwa fulani" juu yake, na humo ndimo afisa alimosema asiyothubutu kuyasema kwenye karatasi rasmi. Ukipata nafasi ya kusoma aina moja tu ya karatasi katika faili, soma barua hizo. Halafu kulikuwa na muhtasari wa habari wa mara mbili kwa mwezi. Huo ulikuwa na aya zenye namba: meli zilizoingia na kutoka, wageni waliopita, mambo ya watawala, mafuta, Qatar, Pwani ya Mapatano, mvua na joto. Habari ya masheikh wawili kutishiana vita inaweza kuwa mistari mitatu kati ya safari ya afisa na kipimo cha mvua.

Vita vilibadilisha uzito wa mistari hiyo mitatu. Sharjah kulikuwa na uwanja wa ndege tangu makubaliano ya 1932 na Sheikh Sultan bin Saqr, na wakati wa vita ndege za kijeshi ziliutumia. Bahrain ilikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta, na ndege za Italia zilikwenda kuishambulia Oktoba 1940. Qatar mafuta yalipatikana Dukhan, kisha visima vikazibwa 1942 visije vikaangukia mikononi mwa adui. Biashara ya lulu ilikuwa imekwisha kuporomoka, chakula kiligawiwa kwa mgao, na mchele na sukari vilipitia mikono ya serikali. Ghafla ugomvi wa visima vya maji kati ya makabila mawili ukawa jambo la kuandikiwa Delhi. Mgao wenyewe ukawa fimbo: mtawala mkaidi aliweza kubanwa bila manowari kutia nanga mbele ya nyumba yake.

Visiwa vya Hawar vinaonyesha ripoti moja ilivyoweza kubeba mzigo mzito. Viko karibu kabisa na pwani ya magharibi ya Qatar, lakini Bahrain ilidai ni vyake. Mwaka 1936, kampuni ya mafuta ilipouliza, Ofisi ya India ilijibu kwamba vinaelekea kuwa vya Bahrain. Mtawala wa Qatar, Sheikh Abdullah bin Jassim, alikuwa hajaulizwa. Alilalamika Mei 1938. Wakala wa Bahrain, Hugh Weightman, akamwambia aeleze madai yake, naye akayaeleza kwa barua ya 27 Mei. Bahrain ilijibu 3 Januari 1939 kupitia mshauri wake Mwingereza, Charles Belgrave, mtu aliyejua vizuri jinsi faili linavyotaka kulishwa. Qatar ikajibu tena 30 Machi. Tarehe 22 Aprili Weightman akaandika ripoti yake kwa Mkazi wa Kisiasa, Trenchard Fowle, na 11 Julai 1939 watawala wote wawili wakaarifiwa: Hawar ni ya Bahrain.

Ripoti ile ilipima nini? Upande wa Bahrain kulikuwa na vitu vinavyoshikika: hukumu za kadhi wa Bahrain za mwanzoni mwa karne kuhusu ugomvi wa watu wa Hawar, ukoo wa Dawasir uliokwenda kukaa huko kwa misimu, uvuvi, ruhusa za kuchimba jasi, kikosi kilichowekwa kisiwani. Upande wa Qatar kulikuwa na ramani, yaani ukaribu na pwani, na neno la mtawala. Afisa aliyefundishwa kutafuta vitendo vya utawala hakuhangaika sana kuchagua. Lakini ushahidi wa aina ile ulimfaa zaidi mtawala mwenye ofisi, makarani na mshauri wa Kizungu. Sheikh wa Qatar hakuwa na Belgrave.

Tazama pia ripoti ilivyomaliza suala la vijisiwa vidogo. Weightman aliandika kwamba vijisiwa na miamba isiyokaliwa ya kundi hilo "yadhaniwa" ni ya mtawala aliyejiweka kwenye kisiwa kikuu. Hakuorodhesha vipi vimo na vipi havimo. Kisiwa cha Janan, kusini mwa Hawar, kikabaki kwenye ukungu huo. Desemba 1947, Waingereza walipochora mstari wa kugawa chini ya bahari, waliandika kwamba Janan si sehemu ya Hawar. Ugomvi ulifika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na 16 Machi 2001 majaji walisema Hawar ni ya Bahrain kwa msingi wa uamuzi wa 1939, na Janan ni ya Qatar kwa msingi wa barua za 1947. Karatasi za mawakala ziliwafunga watu miaka zaidi ya 50 baada ya Uingereza kuondoka India.

Na si kwamba ofisi yenyewe ilikuwa na kauli moja. Mwaka 1941 Geoffrey Prior, aliyekuwa amemrithi Fowle, na Alban, Wakala wa Bahrain baada ya Weightman, wote wawili walionyesha kutoridhika na uamuzi ule. Haukufunguliwa upya.

Zubarah ni shauri lingine la mahasimu haohao, ila hili lilikuwa bara, kwenye pwani ya kaskazini-magharibi ya Qatar. Mwaka 1937 Qatar ililishambulia tawi la kabila la Naim lililoegemea Bahrain, na Bahrain ikajibu kwa kukata biashara. Wakati wa vita mkwaruzano huo uliwachosha Waingereza, na Juni 1944 wakawapatanisha kwa hati fupi sana: uhusiano urudi kama zamani, Zubarah ibaki ilivyo. "Ilivyo" vipi, kila upande ulikuwa na tafsiri yake, na ripoti zilizofuata zimejaa malalamiko ya hati hiyohiyo.

Katika Pwani ya Mapatano swali la kwanza la ripoti lilikuwa tofauti: walipita wapi? Mapatano ya amani ya baharini yalianza kwa misimu kuanzia 1835, yakawa ya kudumu 1853. Masheikh wakipigana nchi kavu, Waingereza waliweza kunyamaza. Wakipakia watu kwenye majahazi, mkataba umevunjwa na Mkazi ana haki ya kuingilia. Dubai ya Sheikh Said bin Maktum na Abu Dhabi ya Sheikh Shakhbut bin Sultan zilipopigana kuanzia 1945 hadi 1948, chanzo kikiwa mpaka karibu na Khor Ghanadha, afisa ilimpasa ajue kama kuna chombo kilichotweka tanga kabla hajajua nani alianza.

Makosa ya ripoti hizi yana mtindo, na ukishaujua hayakuponyoki. Mtoa habari mara nyingi ni mmoja, na ni mfanyabiashara mwenye madeni na wakwe upande mmojawapo. Watawala walijua nani anasikilizwa, wakamlisha habari. Sheikh anayewahi kulalamika ndiye anayeonekana kuwa mhanga. Barua ya Kiarabu ilitafsiriwa ofisini, salamu zote zikakatwa na kuandikwa tu "baada ya salamu", pamoja na zile heshima ambazo kupungua kwake kungemwambia mjuzi kwamba mwandishi amekasirika. Maafisa nao walihamishwa haraka, na anayeingia alirithi faili kabla ya kumfahamu mtu hata mmoja, ndiyo maana chuki ya afisa wa zamani kwa sheikh fulani inajirudia kwenye karatasi za watu watatu kwa maneno karibu yaleyale.

Anayetaka kuzisoma mwenyewe atazikuta Maktaba ya Uingereza, London, na nyingi zimewekwa kwenye Maktaba ya Kidijitali ya Qatar, bure. Alama ya R/15/1 ni faili za Bushehr, R/15/2 za Bahrain, R/15/5 za Kuwait, R/15/6 za Muscat, na L/PS/12 ni za Ofisi ya India. Tafuta jambo moja katika R/15/2, kisha lifuate katika L/PS/12. Kwenye faili la Bahrain utaona rasimu iliyokatwakatwa kwa kalamu, na maneno aliyoyafuta afisa bado yanasomeka. Kwenye faili la London utaona nakala safi, na mbele yake karatasi za maoni ya makarani, kila mmoja na herufi za jina lake na tarehe. Soma maoni hayo kabla ya ripoti, maana humo ndimo utaona ni aya ipi waliyoisoma na ipi waliyoiruka.