Kiima na kiarifu: jinsi sentensi ya Kiingereza inavyosimama

Anayejifunza Kiingereza anaweza kuwa na msamiati wa kutosha kabisa, na bado sentensi zake zikapwaya. Mara nyingi shida si maneno. Shida ni kwamba hajazoea kujiuliza maswali mawili kila anapoandika: ninamzungumzia nani au nini? Na ninasema nini juu yake?

Jibu la swali la kwanza ndilo kiima. Jibu la swali la pili, lote kwa jumla, ndilo kiarifu. Katika "Birds fly", "Birds" ni kiima na "fly" ni kiarifu. Sentensi ikirefuka, mgawanyo unabaki uleule: "The small birds in the garden fly away every morning." Hapa kiima si "birds" peke yake, ni "The small birds in the garden", na yote yanayofuata ni kiarifu. Kama huna uhakika kiima kinaishia wapi, jaribu kukiondoa chote na kuweka kiwakilishi kimoja. "They fly away every morning" inakubali. Ukiondoa "The small birds" tu, unabaki na "They in the garden fly away", na sikio linakataa.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna mtego wetu hapa, nao unastahili kuelezwa kwa utulivu. Tukisema "Anasoma", sentensi imekamilika, kwa sababu kiambishi "a-" kimeshamtaja mtendaji ndani ya kitenzi. Kitenzi cha Kiingereza hakina nafasi hiyo. "Is reading" ni kiarifu kisicho na mwenyewe. Lazima "She" au "He" isimame mbele yake. Ndiyo maana hata mvua hupewa kiima: "Inanyesha" huwa "It is raining". Hiyo "It" haimtaji mtu wala kitu, imeshika tu nafasi ambayo Kiingereza hakiruhusu ibaki wazi.

Mtego huohuo huwanasa wengine kwa upande wa pili. Mwanafunzi anafikiria "Kaka yangu anafundisha", anaona kuna "kaka yangu" na kuna "a-", kisha anaandika "My brother he teaches". Amekiweka kiima mara mbili. Sentensi sahihi ni "My brother teaches" au "He teaches", si zote kwa pamoja.

Upande wa kiarifu nako kuna jambo. Kiswahili kinaturuhusu kusema "Mimi mgeni hapa" au "Huyu rafiki yangu" bila kitenzi chochote, na hakuna anayeshtuka. Katika sentensi kamili ya Kiingereza, kiarifu bila kitenzi hakisimami: "I am a visitor here", "This is my friend". Vile vitenzi vidogo "am", "is" na "are" huonekana kama mapambo kwa anayeanza, kumbe ndivyo vinavyofanya kiarifu kiwe kiarifu.

Kisha viwili hivi lazima vipatane. Kwa wakati uliopo, "The boy runs" lakini "The boys run". Herufi "s" kwenye nomino kwa kawaida huonyesha wingi, ila kwenye kitenzi ni alama ya umoja wa nafsi ya tatu. Makosa huzidi kiima kinapokuwa kirefu. Mtu anaandika "The box of books have fallen" kwa kuwa neno lililo karibu na kitenzi ni "books". Lakini kilichoanguka ni sanduku. Hapa sikio letu la Kiswahili ni msaada mkubwa, kwani hakuna kati yetu anayesema "Sanduku la vitabu vimeanguka". Tunasema "limeanguka" bila kufikiri. Tumia sikio hilohilo: "The box of books has fallen."

Amri, kama "Sit down", huonekana hazina kiima. Kiima chake ni "you", kimefichwa tu. Katika maswali mengi kiima huja baada ya kitenzi kisaidizi: "Is the teacher coming?" Na katika "There are three chairs in the room", "There" imetangulia, lakini viti vitatu ndivyo vinavyoamua iwe "are".

Kwa mazoezi, chukua aya fupi ya Kiingereza na uchore mstari wima kati ya kiima na kiarifu katika kila sentensi. Anza kwa kutafuta kitenzi, kisha uliza "nani?" au "nini?" kuhusu kitenzi hicho. Halafu fanya vivyo hivyo kwa aya uliyoiandika mwenyewe. Sentensi inayokataa kukatwa, irudie: tazama kwanza kama kitenzi kipo, kisha kama kiima kipo, na kama kipo kimoja tu.