Ukiingia Beit al-Sahel, anza na kuta

Wako Wazanzibari wanaojua bei ya mshikaki wa pweza pale Forodhani kila siku ya wiki, lakini hawajawahi kuvuka mlango wa Beit al-Sahel, kasri la zamani la masultani ambalo sasa ni makumbusho, hatua chache tu kutoka hapo. "Hiyo ya watalii," husema. Sisi tunaofanya kazi ya makumbusho tuna lawama yetu katika hilo. Kwa miaka mingi tumeyaeleza majumba haya kama maduka ya samani: kitanda cha fulani, kiti cha fulani, saa ya fulani. Mgeni anatoka kachoka.

Mimi nakushauri uviache vitu kwanza. Simama nje, barabara ya Mizingani, uipe bahari mgongo, ulitazame jumba lenyewe. Utaambiwa ni kasri la Sultani Seyyid Said. Lilianza zama zake, ndiyo, lakini hilo ulionalo si lile alilolijua yeye. Sultani Seyyid Hamad bin Thuwaini alipofariki tarehe 25 Agosti 1896, Seyyid Khalid bin Barghash aliingia kasrini akashika kiti bila ya ridhaa ya Waingereza, ambao tangu 1890 walikuwa wameshaiweka Zanzibar chini ya himaya yao. Wakampa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Hakutoka. Manowari za Waingereza zilizokuwa bandarini zikafyatua mizinga, na kwa dakika kama 40 kazi ikawa imekwisha. Beit al-Hukm, iliyokuwa ubavuni, ikawa kifusi. Beit al-Sahel ikabomoka vibaya. Waliokufa na kujeruhiwa upande wa kasri walihesabiwa kwa mamia. Upande wa manowari alijeruhiwa baharia mmoja. Seyyid Khalid akakimbilia ubalozi wa Kijerumani, na siku ileile akatawazwa Seyyid Hamoud bin Mohammed.

Kwa hiyo nyumba iliyo mbele yako ni ya baada ya mizinga. Mwaka 1911 ikawa makaazi ya Sultani, na Beit al-Ajaib iliyo jirani, aliyoijenga Sultani Seyyid Barghash mwaka 1883, ikawa ofisi za utawala wa Kiingereza. Hebu nenda kwa miguu kutoka mlango mmoja hadi wa pili uone ni masafa gani. Mfalme analala huku, mafaili yanalala kule. Sijapata kuona ubao wa maelezo ulioueleza ukoloni wa hapa petu vizuri kuliko ujirani huo.

Ndani, inua macho. Katika nyumba za kale za Mji Mkongwe, dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri haivuki mita tatu hivi. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni virefu lakini vyembamba: aliyepanga upana ni mkoko, fundi alifuata tu. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Chokaa hupumua, unyevu huingia na kutoka. Ukiipaka saruji juu yake, unyevu hunaswa ndani, plasta hufutuka na boriti huoza kwenye ncha zilizochimbiwa ukutani, pale pasipoonekana. Anayemiliki nyumba ya kale na anayesoma haya, tafadhali, muulize fundi wako kabla hajafungua mfuko wa saruji.

Sasa vitu. Ghorofa ya chini kuna habari za mikataba ya biashara, ukiwemo wa Marekani wa 1833. Pita, lakini usikae sana. Juu, kwenye samani za masultani wa mwisho, wageni wengi hucheka wakikuta kabati la fomeka, ile plastiki ngumu ya kubandika juu ya mbao, katikati ya mbao za mpingo na sadafu. Mimi silicheki. Lilikuwa jambo la kisasa wakati wake, na mfalme naye hupenda kipya.

Chumba cha kukaa kitako ni cha Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Mabinti wa kasri walifundishwa kusoma, kuandika hapana. Yeye alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 akaondoka Unguja, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Mama yake alikuwa suria, yaani mtumwa aliyezaa na bwana wake. Hapo ndipo pa kujiuliza juu ya watumwa waliopika, waliofua na waliochota maji ya nyumba hizi: makabati ya vioo yana vitu vichache mno vyao. Muulize mtembezaji wako swali hilo. Akibabaika, mwache ababaike. Kesho atakuwa amesoma.

Ulizia kabla ya kuja, kwani majumba haya hufungwa kwa matengenezo, na tangu sehemu ya Beit al-Ajaib iporomoke tarehe 25 Disemba 2020 hatuna mzaha na nyufa. Usiguse kuta zilizopakwa chokaa. Walete watoto wa skuli, na kama una bibi aliyekuwa mtu mzima kabla ya 1964, mlete yeye kwanza, kisha nyamaza umsikilize.

Ukitoka, pita makaburini, ubavuni mwa kasri. Amelala hapo Seyyid Said, aliyefariki 1856, ndani ya ziara, yaani jengo la kaburi, aliyoanza kujengewa na mwanawe Seyyid Majid. Haikumalizika mpaka leo.