Beji za begani za Jeshi la Marekani: geuza nyuma kwanza

Mtu akipata beji ya kitambaa iliyobanduliwa kwenye gwanda la askari wa Marekani, hukimbilia picha: tai, paka mwitu, namba 1 nyekundu. Picha itakuambia ni ya kikosi gani. Mwaka ni habari nyingine kabisa, kwa sababu ile namba 1 nyekundu ya Divisheni ya 1 imevaliwa tangu Vita Kuu ya Kwanza na bado inavaliwa leo. Hapo ndipo dhana potofu huzaliwa.

"Ukingo mnene na imara ndio wa zamani." Kinyume chake. Beji nyingi za Vita Kuu ya Pili zilidariziwa kwa mashine, kwa uzi wa pamba, kisha zikakatwa kufuata umbo. Ukingo wake ni bapa, na mara nyingi utaona vinyuzi vimechomoza. Ule ukingo mnene uliozungushiwa uzi mithili ya ovaloki, wenye kamkia ka uzi mahali mshono ulipoishia, ulienea miaka ya 1960. Muuzaji akikuapia kwamba beji ya namna hiyo ilitua pwani ya Normandia, Ufaransa, mwaka 1944, mshukuru na uondoke. Ila usigeuze kanuni hii kichwa chini: ukingo wa kukatwa uliendelea baada ya vita, na wanaotengeneza nakala wanaujua vizuri.

"Taa ya urujuanimno (UV) haikosei." Hii ndiyo inayowaponza wengi, maana ina ukweli nusu. Nyuzi nyingi za sintetiki zina kemikali za kuongeza weupe, na chini ya taa hiyo hung'aa. Pamba ya zamani kwa kawaida haing'ai. Lakini sabuni za unga za baada ya vita nazo zina kemikali hizo hizo. Beji halisi ya 1943 iliyofuliwa mara kadhaa kwenye shati la mzee itang'aa bila kosa lolote. Na nakala ya juzi iliyodariziwa kwa pamba isiyotiwa kemikali itakaa kimya. Wengine huchoma uzi mmoja uliolegea: poliesta na nailoni huyeyuka zikaacha kidonge kigumu, pamba huungua kama karatasi. Jaribio zuri, lakini reyoni, uzi wa kiwandani utokanao na mbao, nayo huungua kama karatasi, na pamba bado inauzwa kila mahali. Ukiona kidonge, una sababu ya kutilia shaka. Ukiona majivu, hujathibitisha kitu.

"Yenye swastika ni ya Wanazi." Si lazima. Divisheni ya 45 ya Marekani, ya askari wa majimbo ya Oklahoma, Colorado, Arizona na New Mexico, ilivaa swastika ya njano kwenye mraba mwekundu, kama heshima kwa wenyeji asilia wa kusini-magharibi. Iliachwa kwa sababu ya Hitler, na mwaka 1939 nafasi yake ikachukuliwa na ndege wa radi, ndege wa hadithi za wenyeji hao. Rangi zikabaki zilezile.

"Beji ipo, basi kikosi kilikuwepo." Mwaka 1944, katika hila ya kuwaaminisha Wajerumani kwamba uvamizi wa Ufaransa ungepitia pwani ya Pas-de-Calais badala ya Normandia, zilibuniwa beji za vikosi visivyokuwepo, kikiwemo Jeshi la 14 na Divisheni ya 59. Hakuna askari aliyepigana chini ya alama hizo, ingawa wakusanyaji wanazitafuta kwa hamu kuliko nyingi za kweli.

"Nyeusi na kijani ni ya Vietnam." Huenda. Lakini rangi hizo zilizofifishwa ziliendelea kuvaliwa kwenye kombati hadi miaka ya 2000.

"Kazi ya mkono isiyo sawasawa ni bandia." Za 1918 nyingi zilikatwa kwa mkono kwenye felti ya sufu, na mbili za divisheni moja huweza kutofautiana waziwazi. Baada ya 1945, mafundi wa Ujerumani na Japani waliwadarizia askari waliokuwa huko, kila mmoja kwa namna yake. Kwa beji kama hizi, tazama matundu ya sindano pembezoni. Kitambaa kilichofichwa chini ya mshono wa zamani huwa na rangi mbichi kuliko kilichopigwa na jua. Iliyochovywa kwenye chai ili izeeke huwa na kahawia ileile kila mahali, hadi nyuma.